Lenzi Inayovuta Mbali

Jumatatu, 3 Juni

Picha za pasipoti kumi na nne leo studioni. Nyingi za fomu za chuo. Kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Mwaka wa kumi na moja huu nasema maneno hayohayo. Kitambaa cha bluu ukutani kimepauka pale vichwa vinapoegemea.

Barua ya Dodoma bado iko mezani. Ukumbi mmoja wa sanaa unataka picha kumi za mitaani kutoka kila mkoa. Watu wakiwa katika shughuli zao, bila kupangwa. Mwisho wa mwezi. Nilijiandikisha kwa ajili ya Singida. Sijui siku ile nilikuwa na akili gani.

Kamera ya studio haifai. Imekaa kwenye miguu yake mitatu tangu ije, nzito, inataka taa. Hamisi wa duka la jirani anauza simu na kamera zilizotumika. Amesema nijaribu za kwake wiki mbili, nichague. Anayo ndogo isiyovuta picha karibu. Anayo kubwa yenye lenzi ndefu kama mchi. Simu ninayo.

Aliuliza swali moja tu: "Dada Salome, unataka kusimama karibu na mtu, au mbali?"

Nikajifanya nahesabu pasipoti. Jibu nalijua. Mbali. Studio watu wanakuja wenyewe, wameshakubali kupigwa. Barabarani naogopa watu. Nina miaka arobaini na moja na naogopa watu.

Jumatano, 5 Juni

Simu. Sokoni saa nne asubuhi. Jua limekaa juu ya kioo, sioni ninachopiga, nabahatisha. Muuza nyama akanyoosha kisu kuelekea kwangu. "Wewe mama, unanirekodi unipeleke wapi?" Wenzake wote wakageuka. Siku hizi kila mtu anaogopa kurushwa mtandaoni, na sina cha kumlaumu.

Nikasema nasoma ujumbe. Nikaondoka bila nyanya nilizokuwa nimeshachagua.

Picha ishirini. Nzuri hakuna.

Ijumaa, 7 Juni

Kamera ndogo. Inaenea kiganjani. Haina mlio. Betri inakaa siku nzima. Hamisi anasema hii ndiyo ya mtaani, haimtishi mtu.

Inanitisha mimi. Haivuti. Ukitaka uso ujae inabidi uwe hatua mbili kutoka kwa mwenye uso. Hatua mbili ni umbali wa salamu. Huwezi kumsogelea mtu mzima hivyo bila shikamoo, habari za nyumbani, wajukuu hawajambo. Na ukishasalimia ameshakaza uso, picha imekufa.

Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Ukweli ni kwamba nilizunguka barabara ya stendi saa nzima, kamera ikiwa kikapuni chini ya mchicha.

Picha sita. Migongo ya watu tu.

Jumamosi, 8 Juni

Lenzi ndefu. Nilipanda juu ya jengo la duka la Hamisi, kwenye zege wanakoanika nguo. Nikavuta.

Fundi cherehani ng'ambo ya barabara anakata uzi kwa meno. Niliona mate kwenye uzi. Mzee amelala kwenye magunia ya alizeti, nzi mkononi. Wasichana wawili wanagombania kitana. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilikuwa kama sipo.

Sijawahi kupiga picha namna hii. Nilicheka peke yangu huko juu.

Nimechagua. Nilipomwambia Hamisi, akaifuta ile lenzi polepole kwa kitambaa. "Ni nzuri," akasema. "Ila hii ni ya kupigia ndege ziwani."

Wivu wa kibiashara. Anataka nichukue ile ndogo isiyonunuliwa.

Jumanne, 11 Juni

Kijiji cha Ihanja, siku ya mnada. Nilikaa ndani ya mgahawa mmoja kando ya barabara kuu, meza ya dirishani, lenzi juu ya kikapu, kikombe cha chai mbele. Magari yanasimama, akina mama wanayakimbilia na kuku na madumu ya mafuta ya alizeti.

Kulikuwa na mmoja ng'ambo. Miaka thelathini hivi, kitenge cha njano, mtoto amelala mgongoni. Mwenzake alimwambia kitu. Akatupa kichwa nyuma akacheka kwa mdomo wote, dumu la mafuta ameliinua mkononi, na jua likapita ndani ya mafuta likamwagika usoni mwake. Nilifyatua mara kumi na moja.

Hajui kama alipigwa. Nilimaliza chai nikapanda basi.

Ndani ya basi nilizitazama zote kumi na moja, kisha nikaanza upya.

Jumatano, 12 Juni

Nimechagua moja ya zile kumi na moja, nimeisafisha kubwa kwenye karatasi, nimeitundika mlangoni mwa studio. Nimeiweka pia kwenye status ya simu yangu. Watu wanaisifu, wengine wameniomba wakairusha kwenye makundi yao. Mteja mmoja alisimama mbele yake akasahau alichofuata.

Mume wangu amepiga simu kutoka Kahama, lori limeharibika, atachelewa wiki. Amesema picha ameiona huko kwa dereva mwenzake. Fikiria. Kahama!

Hamisi aliitazama muda mrefu. "Huyu alikubali?"

Nikamwambia picha za mitaani hazipigwi hivyo. Akarudi dukani kwake.

Alhamisi, 13 Juni

Amekuja mwanamume kuhusu ile picha. Miaka arobaini na kitu, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia mkononi. Amesalimia vizuri. Anaitwa Jonasi, anatoka Mitundu, anauza mahindi. Alitumiwa picha na mtu wake hapa mjini, akaona aje aione mwenyewe.

Alisimama mlangoni mpaka mteja akashindwa kupita. Kisha akauliza ilipigwa wapi.

Nikamwambia. Ihanja, mnadani, ng'ambo ya mgahawa. Nikamwambia na mnada ni Jumanne. Nilieleza mpaka jinsi jua lilivyokuwa. Nilikuwa najivuna.

Akasema, "Ni mke wangu huyo. Nimemtafuta miaka mitatu."

Alikuwa anatabasamu. Nikampa pole, nikasema Mungu ni mwema. Akauliza huyo mtoto mgongoni ana umri gani. Nikasema miaka miwili, miwili na nusu. Nikaona anahesabu. Midomo ilikuwa inatembea bila sauti.

Akaaga kwa adabu.

Sijisikii vizuri. Sijui kwa nini. Mtu amempata mkewe, si jambo jema?

Ijumaa, 14 Juni

Amerudi. Hakuja kupiga picha. Amekaa kwenye benchi la wateja kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri, macho kwenye picha. Nilimwambia nimpige na yeye pasipoti moja, zawadi, nipate cha kusema. Akakataa. Akavuta kofia.

Anamwita "mke wangu." Jina lake hajalitaja hata mara moja.

Aliniuliza kama yule mama analala palepale Ihanja au anatoka kijiji kingine. Nikasema sijui, sijawahi kuongea naye. Akageuza kichwa polepole. "Umempata hivi na hujawahi kuongea naye?"

Hakuuliza kwa ubaya.

Alipotoka nilikwenda kwa Hamisi. Dada yake ameolewa Mitundu. Nimemwomba aulize.

Jumamosi, 15 Juni

Hamisi alikuja asubuhi, hakukaa. Amezungumza na shemeji yake. Mitundu nzima inamjua Jonasi. Mkewe anaitwa Tabitha. Jonasi alimvunja mkono wa kushoto kwa mchi. Mara nyingine akamfungia ghalani siku mbili. Baba yake Tabitha alipokwenda kumchukua mwanawe akarudishwa kwa panga. Siku moja Tabitha akaenda kuchota maji, ndoo zikakutwa kisimani. Alikuwa na mimba changa. Jonasi hakuwa anajua. Ameapa mbele ya watu kwamba akimpata, hatatoroka tena kwa miguu yake.

Nikafungua picha kwenye kompyuta. Nikavuta mkono wa kushoto, ule ulioinua dumu. Umepinda chini ya kiwiko. Umeunga vibaya. Nimeitazama picha hii siku nne, nikisifu mwanga.

Nimeitoa mlangoni. Nimeifuta kwenye status. Kazi bure. Nilishamwambia mahali na siku.

Saa tisa alasiri Jonasi akapita. Akasimama mbele ya mlango mtupu.

"Mbona umeitoa?"

Nikasema imepauka na jua, nataka kusafisha nyingine. Akanitazama kama anayempa mtoto muda aseme ukweli. Kisha: "Unakaa Unyambwa, sivyo? Nyumba yenye geti la kijani. Kuzuri kule, kumetulia."

Sijamwambia ninakokaa. Sijamwambia.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani. Mama, ninayeishi naye, amekwenda peke yake. Kabla ya kutoka alinisemesha Kinyaturu, akauliza kama naumwa. Nikasema tumbo. Nimefunga geti kwa kufuli. Binti yangu yuko shule ya bweni Iramba, nashukuru.

Nafikiria kwenda Ihanja kumwonya. Halafu nafikiria: akinifuata? Nitakuwa nimempeleka kwa mkono wangu mpaka mlangoni kwake.

Nafikiria kunyamaza. Nimeliandika hili ili nilione. Nimefikiria kunyamaza, kufunga studio, kusema si mambo yangu. Nimekaa na wazo hilo kuanzia saa nne mpaka Mama aliporudi. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

Mama akaona sijagusa chakula. Nikamweleza yote. Alikuwa anatoa mawe kwenye mchele. Akasema, "Wewe umeshasema maneno mabaya kwa mtu asiyestahili. Sasa kaseme mazuri kwa anayestahili. Woga wako utaukuta umekungoja hapa, hauendi popote."

Akaendelea na mchele.

Jumatatu, 17 Juni

Polisi, dawati la jinsia, saa mbili. Askari wa kike, mtu mzima, alinisikiliza bila kunikatiza. Akaandika. Akampigia simu mtendaji wa kijiji cha Ihanja. Mtendaji hamjui Tabitha yeyote. Bila shaka amebadilisha jina. Nina uso wake wote, kila kunyanzi, na hakuna mtu Ihanja anayelijua jina nililonalo.

Askari akasema, "Basi inabidi wewe uende ukamtafute leo. Kesho asubuhi tutakuwa huko. Tumpate yeye kabla mume hajampata."

Sikupanda basi. Jonasi anakaa stendi, nimemwona mara mbili kwenye kibanda cha kahawa. Hamisi alinichukulia uwani kwa pikipiki, tukatokea njia za nyuma. Nilifunika kichwa kwa kitenge. Kila pikipiki iliyotukaribia nilijua ni yeye.

Ihanja nilionyesha ile picha kubwa mgahawani palepale. Mwenye mgahawa, mama mnene mwenye sauti nzito, akaitazama, akanitazama mimi, akasema hamjui. Muuza kuku hamjui. Wa nyanya hamjui. Na yule wa nyanya ndiye aliyemchekesha, bega lake limo pembeni mwa picha! Wakaanza kunizunguka. Wanane, tisa.

"Nani amekutuma?"

"Umeipata wapi hii?"

Mmoja alishika mkono wa kikapu changu akaukaza. Hamisi alikuwa kwenye pikipiki mbali. Nilitaka kukimbia. Hapakuwa na pa kupita. Ikabidi niseme kwa sauti, mbele ya watu wote: nilimpiga mimi, kwa kujificha, nilikuwa dirishani pale, na mume wake ameiona, na mimi ndiye niliyemwambia mahali.



Yule mwanamke wa kwenye picha akatoka jikoni, nyuma ya mgahawa. Alikuwa humo muda wote. Hapa Tabitha wanamwita Mama Faraja. Mtoto anamshika kitenge.

Akaishika picha. Nilidhani atapiga kelele. Akakaa chini, palepale kwenye majivu. Akamvuta mtoto katikati ya magoti. Alisema polepole, haniangalii:

"Nilikuwa nacheka."

Kisha:

"Miaka mitatu sijacheka barabarani. Siku niliyocheka ndiyo ukanipiga."

Nilisema samahani. Neno lilitoka dogo. Sikulirudia.

Mwenye mgahawa akanisukuma kando, akamwinua. Wameshampeleka mahali. Sikuuliza wapi. Sitaki kujua. Nikijua nitaweza kusema.

Mtendaji ameomba nibaki, nilale kwake na mkewe. Hapa hakuna anayeijua sura ya Jonasi. Ni mimi tu.

Jumanne, 18 Juni

Naandika saa kumi jioni.

Askari walifika mapema, wamevaa kiraia. Wawili wa kiume walikaa mgahawani kama wateja. Yule mama askari alijifunga kanga akasimama kwenye vitunguu. Akaniambia, "Wewe tembea tu. Ukimwona, usinyooshe kidole, usipige kelele, atakimbia. Mwendee umsalimie kwa mkono. Tutaelewa."

Kumsalimia kwa mkono.

Mnada ukajaa. Mbuzi, vumbi, spika za wauza dawa. Kila shati jeupe lilikuwa yeye. Saa tatu hakuna. Saa nne hakuna. Nikaanza kuomba asije, halafu nikaomba aje, maana akichelewa leo itakuwa siku nyingine ambayo hakuna atakayekuwa hapa.

Alikuja saa tano kasoro. Alishuka kwenye gari dogo, kofia kichwani, mfuko wa salfeti, ule wa nyuzi za plastiki, kwapani. Akatazama kwanza mgahawa. Kisha ng'ambo. Akasimama hasa pale nilipomwambia, mbele ya yule wa nyanya. Anageuza uso kidogokidogo, mama kwa mama, anatafuta.

Nilikuwa hatua thelathini. Nikaanza kutembea. Sikusikia tena mnada. Nilisikia viatu vyangu. Nilisema moyoni rudi, rudi, na miguu ikaenda mbele. Hatua kumi. Tano. Akaniona.

"Ee, mama wa picha. Umekuja kunionyesha?"

Hatua mbili. Nikanyoosha mkono.

"Habari za asubuhi, baba."

Akaupokea. Mkono wake mkavu, wa baridi, una nguvu. Hakuuachia. Sekunde moja, mbili. Macho yake yakabadilika. Alielewa. Akaubana mpaka nikasikia mfupa, akainama sikioni, na kwa adabu ileile ya siku ya kwanza akasema, "Umenifanyia ubaya."

Wakamshika. Ilikuwa haraka, bila kelele, watu wa nyuma hata hawakujua. Mfuko ukaanguka. Ndani kamba ya manila, biskuti za mtoto, na panga jipya, bado lina karatasi ya dukani.

Ni zile biskuti siwezi kuzitoa kichwani.

Nilitapika nyuma ya mgahawa. Mwenye mgahawa alinishikia kichwa. Jana angenipiga.

Alhamisi, 20 Juni

Jonasi amefikishwa mahakamani. Dhamana imekataliwa kwa sasa. Yule mama askari amenipigia mwenyewe. Amesisitiza: kwa sasa.

Sifungui studio. Kila "hodi" getini inanitoa roho. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimevimba.

Ijumaa, 21 Juni

Mwenye mgahawa wa Ihanja alipiga: Mama Faraja anaondoka na anataka kuniona kwanza. Niende na kamera.

Ndugu zake Jonasi wapo Mitundu, na wote sasa wanaijua Ihanja. Hawezi kukaa. Miaka mitatu alikuwa amejenga hapa. Chumba, wateja, kikundi cha akina mama, mtoto ana marafiki. Anaacha yote. Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba, yule wa nyanya anavuta upande wa pili na analia.

Hakunikaribisha kukaa.

"Futa," akasema. "Nione."

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Moja baada ya nyingine, anatazama, nafuta. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kwa sababu nilishamwambia ni kumi na moja. Kwenye ya saba alisema ngoja. Akaitazama. Kichwa kimetupwa nyuma, mafuta, jua. Akasema, "Kumbe nafanana na mama yangu." Kisha akasema endelea.

Nikamwambia za kompyuta nimeshafuta. Nikamwambia na ukweli wa mwisho: zilizorushwa kwenye makundi siwezi kuzirudisha. Akatikisa kichwa. Alikuwa anajua.

Ile kubwa ya karatasi nilimpa. Nilitegemea ataichana. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

"Hii ni yangu."

Nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono, ule uliopinda. "Ulikuja kuniambia, nashukuru. Ungeweza kunyamaza. Ila siku tukikutana mahali, usinisalimie. Nipite."

Nikaitikia.

Gari la mizigo lilikuja likamchukua. Sikuangalia lilielekea upande gani. Niligeukia ukuta mpaka mlio ukaisha.

Jumatatu, 24 Juni

Nimefungua studio. Pasipoti tisa.

Nimemrudishia Hamisi lenzi ndefu. Aliipokea bila kusema "nilikuambia." Ningemsamehe angesema. Badala yake akauliza kama vidole vimepona.

Nilifikiri nimalizane na mambo ya mitaani kabisa. Nirudi kwenye kitambaa cha bluu, kidevu juu, nife nacho. Lakini nilipokuwa natoka, ile ndogo ilikuwa kwenye kabati la kioo, na nikaiomba.

"Unataka kusimama karibu sasa?" akauliza.

Nikamwambia sitaki. Ndiyo maana naichukua. Hii hainiruhusu kuiba. Mtu akikataa nitamsikia akikataa.

Hamisi akasema kwa kamera hii nitakosa picha nyingi nzuri. Nikasema najua.

Jumapili, 30 Juni

Leo ndio mwisho wa kupeleka picha Dodoma. Nimewaandikia kwamba wasingoje picha zangu za Singida. Sikueleza sababu. Mume wangu amerudi jana, amekagua kufuli la geti, ameweka lingine juu yake. Hajanilaumu. Amekaa na Mama uani wanamenya mahindi, wananiangalia kwa zamu.

Bado naogopa. Mwanamume yeyote akisema "samahani, mama" nyuma yangu, nahamia upande wa pili wa barabara. Naota biskuti.

Ijumaa, 5 Julai

Nilitoka saa tatu asubuhi na kamera ndogo, nimeivaa shingoni, nje ya nguo, ionekane. Upepo mwingi. Vumbi limefunga barabara.

Nilimwendea fundi baiskeli. Nikasalimia, nikaeleza, nikaomba. Akasema hapana, leo hajanyoa. Nikasema asante. Muuza magazeti akasema hapana, bila sababu. Nikasema asante. Msichana wa vocha alikubali, akakaza uso kama wa pasipoti. Nikapiga hivyohivyo.

Karibu na stendi kuna bibi anauza karanga kwenye sinia. Nimepita mbele yake miaka yote bila kujua sauti yake ikoje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mimi ni Salome, napiga picha pale juu. Naomba nikupige, ukikubali."

Aliitazama kamera. Akanitazama mimi, juu mpaka chini, bila haraka. "Utaipeleka wapi?"

"Nitakuletea wewe kwanza. Ukisema nisimwonyeshe mtu, simwonyeshi."

Akafikiri. Akatafuna karanga moja.

"Haya. Ila subiri nifunge kitambaa vizuri."

Akakivua. Upepo ukakishika, akakivuta, akaanza kukikunja upya juu ya magoti, upindo kwa upindo. Alichukua muda mrefu. Nikachuchumaa karibu na sinia, kamera mapajani, nikamsubiri.